Gari la Fahari kwa Bei ya Kutupwa

Ndugu msomaji, kazi yangu ni kushika hesabu za watu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekaa katika maduka ya Kariakoo, hapa Dar es Salaam, nikiandika kilichoingia na kilichotoka, na mara nyingi nimewaonya matajiri wangu wasihesabu faida kabla bidhaa haijauzwa. Nayatanguliza haya ili ujue kwamba aliyefanya kosa nitakalolieleza hapa hakuwa mtu asiyejua kujumlisha na kutoa.

Mwezi wa Januari 2015 nilikuwa na shilingi milioni 25. Milioni 18 na nusu tulikuwa tumeziweka mimi na mke wangu kidogo kidogo kwa muda wa miaka sita, na milioni 6 na nusu nilizipata kwa kuuza Toyota Corolla yangu iliyokuwa imechoka. Fedha hizo zilikuwa na kazi mbili, zote zikijulikana nyumbani. Ya kwanza ni kununua gari jingine, kwa ajili ya kazi yangu na watoto wa shule. Ya pili ni kuezeka upya nyumba ya mama yangu iliyoko Ngamiani, Tanga, ambayo mabati yake yalikuwa yamekula kutu kiasi kwamba masika yakifika mama husogeza kitanda kutoka ukuta huu hadi ule, na kutandaza masufuria chini ya matundu. Gari la kawaida la Kijapani, lililotumika, lilipatikana kwa milioni 12 hivi. Paa lilihitaji milioni 8. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne angeweza kuifanya, tena zingebaki fedha za akiba.

Basi siku moja nikaingia katika yadi ya magari, sitaitaja ni ipi, kutafuta hilo gari la milioni 12. Dalali alinitembeza katikati ya magari madogo kwa uvivu kidogo, kisha akanishika mkono akanipeleka pembeni, mahali lilipoegeshwa gari moja jeusi la Kijerumani. Jina la waliolitengeneza nitaliacha pia, kwa kuwa hawakunikosea kitu. Wao waliliuza likiwa jipya kwa mtu mwingine, katika nchi nyingine, mwaka 2004. Lilikuwa la viti vya ngozi, injini ya mitungi sita, na mlango wake ulipofungwa ulitoa sauti nzito, ya upole, kama kifuniko cha kasha la msaji. Nikauliza bei kwa mzaha. Akasema milioni 22. Niliposhtuka kwa udogo wake, yeye akadhani nimeshtuka kwa ukubwa wake, akaanza kushuka mwenyewe, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumefika 19.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari langu. Nikaandika: Toyota mpya dukani, zaidi ya milioni 60, gari hili, milioni 19, akiba, milioni 41. Nikapiga mstari chini ya hiyo 41, tena kwa rula.

Mke wangu alikuwa akichambua mchele. Nilimsomea hesabu ile kwa sauti ya mtu aliyeleta habari njema. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Baba watoto, hizo milioni 41 ulizoziokoa ziko wapi, nikazitie sandukuni?"

Nilimwambia hajui mambo ya uhasibu. Mwenyezi Mungu anisamehe. Maana swali lile ndilo lilikuwa uhasibu wenyewe. Mimi sikuwa na milioni 60, wala sikuwahi kukusudia kununua gari jipya hata siku moja katika maisha yangu. Nilikuwa nimetoa 19 katika 60 ambazo hazikuwako, nikapata 41 ambazo hazikuwako, nami nikafurahi. Hesabu ya kweli ilikuwa 19 kutoa 12, yaani milioni 7 zaidi ya nilichohitaji. Lau tajiri mmoja wa Kariakoo angeniletea karatasi ya namna ile, ningemrudishia.

Hata hivyo sikuwa sina hoja kabisa, na ni haki niziseme hoja zangu, kwa kuwa wapo wengi wanaozitumia na zina ukweli ndani yake. Gari la fahari hupoteza thamani yake upesi kuliko gari la kawaida. Anayelinunua jipya ndiye anayebeba hasara kubwa, na anayekuja baada yake hulipata kwa sehemu ndogo ya bei ya mwanzo. Huko Japani, ambako magari yetu mengi hutoka, mwenye gari jipya hupewa miaka mitatu, kisha hana budi kulipitisha katika ukaguzi wa lazima uitwao shaken, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, na gari likizidi kuzeeka wengi wao huona ni afadhali waliuze wanunue jipya. Nao huendesha upande wa kushoto kama sisi. Kwa hiyo magari mazuri, yaliyotunzwa, huteremka kwa wingi katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Ni kweli pia kwamba serikali yetu hulitoza gari lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 badala ya 5, na likiwa la miaka mingi huongezewa ushuru wa uzee wake. Lakini mambo hayo mwenye yadi alikuwa amekwisha kuyalipa na kuyatia katika bei, na bado bei ilikuwa 19. Basi nilikuwa na haki ya kuliona rahisi. Nilichosahau kujiuliza ni kwa nini watu wengine wote walioingia yadini mle, wenye fedha kunizidi, waliliacha pale.

Na ipo sababu nyingine ambayo sikuiandika daftarini. Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 70, lilikuwako neno lililotembea nchi nzima, Wabenzi, la kuwacheka wakubwa waliopanda magari ya aina hiyo. Sisi watoto wa Ngamiani tulilitumia neno hilo kwa dharau tuliyofundishwa, lakini gari lenyewe likipita tulilikimbilia. Siku moja mkubwa mmoja alikuja msibani mtaani kwetu, akaliacha gari lake nje. Nililifuta vumbi kwa shati langu la shule, kwa hiari yangu, na mama alinichapa kwa ajili ya lile shati. Nadhani gari jeusi la yadini lilinunuliwa na mtoto yule, na mimi mhasibu niliitwa tu kuandika risiti.

Ijumaa ya kwanza nilikwenda nalo msikitini. Siku zote nilikuwa nikiegesha Corolla yangu mbali, chini ya mwarobaini, nikatembea. Ijumaa ile niliona pana nafasi karibu na mlango, nikaingia pale, nikashuka polepole. Vijana waliokuwa wakitawadha waligeuka. Mtu mmoja ambaye kwa miaka kumi alikuwa akiniita "bwana" aliniita "mheshimiwa". Baada ya sala, wanakamati waliokuwa wakichangisha kwa ajili ya kisima walinijia wa kwanza. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimetoa shilingi 50,000 nao walinishukuru kwa moyo. Safari hii mwenye daftari alitabasamu, akalitupia gari jicho, akangoja. Nikasema laki tano. Sikuwa na laki tano. Nilizitoa katika fedha za mabati. Sadaka ile sijui imeandikwa upande gani, maana ninajua nilimpa nani: nilimpa yule aliyekuwa akinitazama.

Ndivyo gari lile lilivyonipandishia bei ya kila kitu. Kijana wa kuosha magari aliniomba mara mbili ya alichowaomba wengine. Jamaa wa Muheza ambao hawakuwahi kuniomba nauli waliniomba karo. Hata mwenye kuuza machungwa pale Buguruni, nikiteremsha kioo, alinitajia bei nyingine. Sikuwalaumu. Mimi ndiye niliyetangaza utajiri. Wao waliusadiki tu.

Nilikuwa na milioni 6 zilizobaki. Nilimwambia mama kwa simu kwamba kabla ya masika ya mwaka unaofuata mabati yatakuwa juu, na hizo mbili zilizopungua nitazijaza katika mshahara. Akaniombea dua.

Sasa nikueleze habari za gari lenyewe, kwa maana hapa ndipo penye somo ambalo mimi nililipia. Miezi mitatu ya kwanza lilikwenda kama mashua katika maji matulivu. Redio yake tu ndiyo ilinitatiza, kwa sababu redio za Japani za wakati ule zilitengenezwa kwa masafa yao, kuanzia 76 hadi 90, ilhali idhaa zetu nyingi ziko juu ya hapo. Nikawa nasikia stesheni chache na mkoromo. Na kulikuwa na sauti ya bibi wa Kijapani ndani ya dashibodi, iliyokuwa ikinielekeza njia za huko kwao kila nilipowasha injini. Watoto waliipenda. Walimjibu kwa Kiswahili.

Kisha ikafika siku ya kubadilisha oili. Nilikwenda Gerezani kwa fundi wangu wa siku zote, mzee mmoja wa Kizaramo mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alilizunguka gari mara moja. Akauliza, "Umenunua?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Alhamdulillahi," kwa namna ambayo mtu husema akisikia habari ya msiba.

Corolla yangu ilikuwa ikinywa oili lita nne zisizotimia. Hili lilinywa nane. Nikadhani fundi amekosea, akanionyesha kijiti cha kupimia. Tulipofika kwenye plagi nilimwambia alete sita, kwa kuwa nimehesabu mitungi sita. Akacheka kwa mara ya kwanza. Kila mtungi ulikuwa na plagi mbili. Plagi kumi na mbili, ndugu msomaji! Nilisimama pale nikizihesabu moja moja mezani kama mtu anayehesabu tende za futari. Betri nazo zilikuwa mbili, moja mbele chini ya boneti na nyingine nyuma katika buti, na ikichoka mojawapo dashibodi nzima hujaa maonyo. Lita moja ya petroli katika foleni za Barabara ya Uhuru haikunifikisha kilomita saba.

Mwezi wa Agosti niliamka asubuhi nikalikuta limelala. Upande wa mbele ulikuwa umeketi chini kama ngamia anayepakiwa mzigo. Halikuwa na springi za chuma mbele, lilikuwa na mifuko ya hewa, na mmoja ulikuwa umepasuka. Fundi alinishauri nibadilishe yote miwili, kwa kuwa wa pili ungeufuata mwenzake. Shilingi milioni 3 na laki 2. Nilipolalamika kwamba hiyo ni bei ya gari zima bovu, mzee alifuta mikono yake kwa kitambaa, akaniambia maneno ambayo nimeyahifadhi:

"Mwanangu, gari limeshuka bei, vipuri havijapata habari."

Akanieleza, akiwa ameinama chini ya boneti, kwamba mtu aliyelinunua jipya kwa mamilioni mengi alitengenezewa gari la mtu wa mamilioni mengi, na kila kipande chake kilitengenezwa kwa mfuko wa mtu huyo. Anapoliuza, huuza chuma. Mfuko wake haumo katika mauzo. Wewe unayefuata unapata chuma kile kile na mfuko wako mwenyewe. Yeye mzee alikuwa na Mercedes-Benz ya dizeli ya miaka ya 80, na inakwenda mpaka leo, lakini aliniambia ile ni chuma na oili tu, haina kompyuta ya kumwambia uongo, tena anaitengeneza kwa mikono yake bila kumlipa mtu. Mwenye kutaka gari la fahari lililotumika, alisema, alinunue kwa nusu ya fedha zake, na nusu ya pili aifunge kitambaani asiiguse, maana nayo ni ya gari, ila gari halijaja kuichukua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema sikumuuliza; nilimletea gari, sikumletea shauri.

Ni kweli. Nilikuwa nimemwogopa. Mtu anayetaka kweli kuokoa fedha huanza kwa fundi na kuishia kwa dalali.

Sitakuchosha kwa habari za giaboksi, wala matairi, wala sensa moja ndogo kama kifungo cha shati iliyolizuia gari lisiwake kwa siku nne. Milioni 6 za mabati zilikwisha kabla mwaka haujatimia. Masika ya 2016 yalimkuta mama na masufuria yake. Hakuniuliza kitu. Alinieleza tu kwamba mvua mwaka huu ni nyingi.

Mwezi wa Julai 2016, Ramadhani ikiwa ukingoni, tuliondoka Dar es Salaam kwenda Tanga kula Idi na mama, mimi, mke wangu na watoto watatu. Ninalitaja hili kwa kuwa yalikuwa yamebaki mambo ya fedha tu hadi siku hiyo. Baada ya Chalinze, kama ujuavyo, barabara ilikuwa ikiteremka kwa mteremko mkali kuelekea Mto Wami. Wakati ule lilikuwa likitumika daraja la zamani, lile jembamba la gari moja moja. Siku hizi pana daraja jipya. Nilipoanza kuteremka maandishi yalitokea katika dashibodi, kwa Kijapani, mekundu. Nilikuwa nimeyazoea maonyo. Nikakanyaga breki, mguu ukazama. Gari halikupungua mwendo. Mbele yangu palikuwa na lori la mizigo, na mbele yake magari yanayongoja zamu ya daraja.

Nilikanyaga kwa miguu miwili. Mke wangu hakupiga kelele. Nilimsikia akitamka shahada, taratibu, akiwatamkisha watoto. Nikaivuta gia chini, gari likanguruma, na kwa uzito wote wa mwili wangu breki za mbele zikaanza kushika kidogo kidogo. Tulisimama pembeni, tairi moja majanini, kiasi cha hatua sita kutoka nyuma ya lori lile.

Nilikuja kuelezwa baadaye jinsi ilivyokuwa. Magari ya aina ile, kwa miaka michache ya mwanzo wa karne hii, yalifungwa breki za umeme. Mguu wa dereva hausukumi mafuta ya breki moja kwa moja. Unaiambia kompyuta, nayo ina pampu ndiyo isukumayo. Kompyuta hiyo huhesabu kila mara breki inapokanyagwa, na ikifika idadi iliyowekewa hutoa onyo jekundu kwamba pampu imemaliza umri wake ibadilishwe. Ikikataa kabisa, zinabaki breki za magurudumu ya mbele tu, kwa nguvu za mguu mtupu. Mfumo huo uliachwa baadaye, zikarudi breki za kawaida. Gari langu lilikuwa likinipa onyo hilo kwa lugha nisiyoisoma.

Mke wangu na watoto niliwapandisha basi la Tanga. Mimi nilibaki na gari. Magharibi ilinikuta pale pale kando ya barabara, na dereva wa lile lori, ambaye alikuwa ameegesha kuangalia tairi zake, aliniita tufuturu pamoja naye na utingo wake. Walikuwa na tende, uji katika chupa ya chai na mihogo. Tulikula juu ya kipande cha boksi. Dereva alilitazama gari langu jeusi kwa muda, akaniuliza kwa adabu ninafanya kazi serikalini? Nikamwambia hapana, nashika hesabu za maduka. Akaitikia kwa kichwa, wala hakuuliza zaidi. Nilikula mihogo ya mtu yule nikaona haya kuliko nilivyowahi kuona haya msikitini au mahali pengine popote, na hakuwa amesema neno baya.

Nililivuta gari hadi Gerezani kwa shilingi laki sita. Fundi alimwita kijana wa kompyuta, wakaitoa ile pampu, wakaiweka mezani. Pampu mpya kutoka Ujerumani ilikuwa na bei ambayo sitaitaja, kwa maana sikuwa nayo. Kijana akasema ipo njia nyingine: yeye anaweza kuifuta ile hesabu, kompyuta ianze kuhesabu upya kutoka sifuri, na taa nyekundu itazimika. Pampu itakuwa ni ile ile. Kisha akaigeuza, akamwonyesha mzee kitu. Gundi ya kifuniko haikuwa ya kiwandani. Mtu alikuwa amekwisha kuifungua kabla ya siku ile.

Tulinyamaza wote. Yaani nilipokuwa ninauziwa kwa milioni 19 na kuambiwa ni gari la kutunzwa, kuna aliyekuwa akijua. Sijui alikuwa nani, kwa kuwa gari hilo lilipita mikono kadhaa, na sitaki kumdhania mtu. Nilirudi yadini, waliniambia nililiangalia mwenyewe kwa macho yangu. Wanazuoni wa fiqhi wamempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa, lakini ulikuwa umepita mwaka na nusu, wala sikuwa na shahidi.

Nikakubali ifutwe, laki nne na nusu, ili gari liweze kutembea liuzwe. Na hapo ndipo mtihani wenyewe ulipoanza, kwa sababu taa ilizimika. Gari lilisimama jeusi, safi, linang'aa, halina onyo hata moja. Dalali niliyempa akasema milioni 11 zinapatikana wiki hii. Nikamweleza habari ya breki. Akaniuliza, "Taa si imezima?" Nikasema imezima. "Basi tatizo liko wapi? Na wewe uliuziwa hivyo hivyo."

Sipendi kujifanya mchamungu mbele yako. Nilikwenda na maneno hayo nyumbani, nikalala nayo, na yalikuwa matamu. Milioni 11 zingeezeka nyumba ya mama na kubakisha. Nilijiambia kwamba pampu huenda ikadumu miaka mingine mitano. Nilijiambia mnunuzi atakuja na fundi wake. Nilikumbuka kisa tulichofundishwa chuoni tukiwa wadogo, cha Mtume Muhammad (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono wake katika rundo la nafaka, vidole vikakuta majimaji chini, na muuzaji akasingizia mvua, na nilijiambia kwamba mimi sikuunyesha mvua. Gari likakaa barazani mwangu, halitembei, nikilipa bima, kwa zaidi ya mwaka, kwa sababu sikuwa tayari kusema ukweli na sikuwa tayari kusema uongo. Mke wangu alilifunika kwa turubai. Kuku walitaga chini yake.

Mwezi wa Novemba 2017 alikuja kijana mmoja, mwenye mke na mtoto mchanga mgongoni. Alilifunua turubai, akatazama, nikaona uso wake. Niliujua uso ule. Alikuwa ameshika karatasi, na kabla sijasema neno akaanza kunieleza kwamba gari jipya la kawaida ni bei fulani, na hili ni bei fulani, kwa hiyo atakuwa ameokoa kiasi fulani. Mkewe alikuwa kimya.

Nilimwambia akae. Nikampa maji. Nikamweleza yote, oili lita nane, plagi kumi na mbili, mifuko ya hewa, pampu iliyofutwa hesabu mara mbili, na mteremko wa Wami. Nikampa daftari alisome. Hakuniamini mwanzoni, alidhani nimepata mnunuzi mwingine ninataka kumkatisha tamaa. Wakaondoka. Dalali alipopata habari alinipigia simu akaniambia nimeingiwa na wazimu.

Baada ya siku nne kijana alirudi, safari hii na mjomba wake mwenye gereji ya magari ya Kijerumani. Mjomba alikagua saa mbili nzima, akaniuliza maswali, nikajibu. Akasema pampu mpya anaweza kuiagiza yeye mwenyewe, na atailipia kabla mpwa wake hajaligusa gari. Akatoa milioni 7. Nikapokea. Tuliandikiana, na kasoro zote nikaziandika katika karatasi ya mauziano kwa mkono wangu, tukatia sahihi wote na mashahidi wawili.

Usiku ule nilifungua daftari. Nilinunua kwa milioni 19. Matengenezo, bila kuhesabu petroli wala bima, milioni 11 na laki 8. Jumla milioni 30 na laki 8. Nimeuza kwa 7. Imekwenda milioni 23 na laki 8, kwa miezi thelathini na minne, yaani shilingi laki saba kila mwezi, na kati ya miezi hiyo zaidi ya kumi na mitano gari lilikuwa nyumba ya kuku. Nikageuza kurasa nyuma hadi Januari 2015, nikaikuta ile milioni 41 na mstari wake wa rula. Nikaikata. Nikamwita mke wangu nikamwonyesha. Akasema, "Sasa mabati ni lini?"

Milioni 7 zile zilikwenda Tanga wiki iliyofuata, na iliyopungua tuliijaza kwa awamu mbili. Paa lilikamilika kabla ya masika ya 2018, mabati ya geji nzuri, na mama alikirudisha kitanda mahali pake. Mimi nilipanda daladala kwa miaka miwili, kisha nikapata Toyota ndogo ya mwaka 2003 kwa bei ambayo mke wangu aliipitisha baada ya mzee wa Gerezani kuikagua. Naiegesha chini ya mwarobaini. Ina plagi nne na betri moja.